Tatu Si Tatu

Shekuwe,
nimeurithi msimbo wako kama mtu aliyerithi nyumba Kuze:
funguo kumi na saba kwenye kamba moja,
hata mmoja haukuandikwa mlango wake.

Kiendeshi cha mizani, ghala la chai, Shimanzi.
Mistari mia sita na kitu,
na humo namba zimekaa vichwa wazi:
andika 0x4C kwenye 0x12,
ngoja 250,
soma 0x1F, ukishindwa rudi, mwisho 3.
Rudi wapi, ndugu yangu? Tatu za nini?

Wewe ulijua.
Ulipoandika 0x4C, kichwani mwako ilisema
amka, anza kupima.
Kisha kichwa ukakipandisha ndege ya Doha,
mimi ukaniachia namba.

Mji huu hauendi hivyo.
Nani amwambiaye dereva wa tuktuk
nipeleke nyuzi nne kusini, thelathini na tisa mashariki?
Twasema Mwembe Tayari,
na tukishuka, mwembe hatuuoni,
ila sote tumefika.

Basi usiku nikakaa,
achari ya embe kwenye karatasi,
vidole vya pilipili mbali na kibodi,
nikazifanyia akika, moja moja.
0x4C nikaiita ANZA_KUPIMA.
0x12 ikawa REJISTA_YA_AMRI.
250 ikawa MUDA_WA_KUTULIA,
maana gunia likitua sahani hutetemeka,
lazima lipewe pumzi.

Asubuhi nikamsomea Mwachiro, karani wa ghala,
asiyejua msimbo hata kwa kuuota.
Nikasoma kwa sauti, kama barua.
Akanikatiza kabla sijafika katikati:
"Hapo! Hapo haingoji vya kutosha.
Gunia la chai ya vumbi huchelewa kutulia."
Miaka minne kosa lile lilikuwa pale,
limevaa 250,
likitupita na kutuamkia.

Ndipo kiburi kikaniingia.
Namba 3 ilitokea mara tano.
Nikasema hizi zote ni IDADI_YA_MAJARIBIO,
nikazifagia kwa amri moja,
kisha nikaongeza majaribio yawe matano, kwa wema tu.

Gunia la kilo sitini na sita
likasoma mia moja na kumi.
Likaja la pili, mia moja na kumi.
Kazungu, aliyekuwa akipakia, akaweka mikono kiunoni:
"Leo chai imenenepa.
Tulipwe basi kwa uzito huu."
Wenzake wakacheka hadi mmoja akakalia gunia,
na mizani ikampima naye, ikamdhulumu vilevile.

Shekuwe, simama mlango wa harusi Kibokoni
uite "Fatuma!", uone wangapi watageuka.
Tatu moja ilikuwa majaribio, kweli.
Tatu nyingine ilikuwa miguu ya mizani,
kila mguu na kipimio chake.
Nyingine ilikuwa namba ya waya.
Mbili zilizobaki nilizitafuta hadi adhuhuri,
jasho likinitiririka mgongoni,
Mwachiro akiandika uzito kwa mkono kwenye daftari,
akinitazama juu ya miwani, hasemi kitu.
Afadhali angesema.

Sasa kila tatu ina jina lake,
na nikibadilisha moja, jirani yake halali njaa.

Imebaki 0x5A.
Kitabu cha mtengenezaji hakiitaji.
Nilipokupigia ulijibu upesi: "Hiyo usiiguse.
Bila hiyo haiwaki."
Nikauliza kwa nini.
Nikasikia kiyoyozi chako kikivuma huko,
mtoto akiulizia chaja,
halafu wewe, taratibu: "Wallahi nimesahau."

Nimeiita SIJUI_ILA_HAIWAKI_BILA_YAKE.
Jina refu, lapita ukingo wa kioo.
Atakayekuja baada yangu na acheke,
lakini hatasema hakuambiwa.

Nisalimie watoto.
Ukikumbuka, piga,
hata ikiwa saa nane ya usiku.